Ua na Kuua

Kila mwaka ninapowafundisha wanafunzi wapya maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana, huanza na neno "ua". Huliandika ubaoni peke yake, kisha huwauliza wanalijuaje. Mmoja husema ni lile linalochanua bustanini, na wingi wake ni maua. Mwingine, aghalabu mtoto aliyepata kukaa pwani kwa jamaa zake, husema ni uwanja uliozungushiwa wigo nyuma ya nyumba, na wingi wake ni nyua. Wa tatu hucheka kidogo, kisha husema ni amri: ua nyoka, ua mbu. Huwasifu wote watatu, nikafuta ubao, tukaendelea na somo. Kwa miaka mingi sikuona katika jambo hili ila mchezo wa maneno. Nimekuja kuliona kwa jicho jingine baada ya yale yaliyonipata katika ua wangu, kwa ajili ya ua langu, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia walimu wenzangu katika kurasa hizi.

Makazi yangu yamo katika wilaya ya Mukono, mashariki ya Kampala, nchini Uganda. Mwaka 2009, barabara ya kwetu ilipokuwa ikipanuliwa, mvule mmoja mkubwa ulikatwa. Wanafunzi wa kidato cha pili waliopita hapo asubuhi walikuja kuniambia kwamba juu ya mti ule uliolala palikuwa na "miwa midogo" iliyoota kwenye gome. Nilikwenda kutazama. Ilikuwa okidi, ile ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, na ambayo watu wengi huijua kwa jina la okidi ya chui, kwa kuwa maua yake ni ya manjano yenye mabaka ya hudhurungi. Mmea huu ni wa Afrika hasa, nao huota juu ya matawi ya miti mikubwa. Mashina yake husimama kama miwa kweli, na baadhi ya mizizi yake huelekea juu, myembamba na mikali kama sindano, ikafanya namna ya kikapu cha kudaka majani yanayoanguka. Majani hayo huoza humo yakawa chakula chake.

Nimelitaja jambo la kikapu makusudi. Wengi wetu, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani kwamba mmea unaoota juu ya mmea mwingine ni kimelea, yaani mnyonyaji. Okidi hii si kimelea. Mti kwake ni kiti, si sahani. Ikiondolewa mtini, mti haupati nafuu yoyote, kwa kuwa haukuwa na ugonjwa.

Vijana wale waliibandua okidi pamoja na kipande cha gome, wakaibeba kwa zamu mpaka nyumbani kwangu, nasi tukaifunga kwa kamba ya katani kwenye panda la mparachichi uliomo uani. Sipendi mtu aelewe kwamba nawahimiza watu kwenda kung'oa okidi misituni. Okidi za mwituni zinapungua kwa sababu ya watu wa namna hiyo, na biashara yake baina ya mataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Hii yetu ilikuwa yatima. Mti wake ulikuwa umekwisha kuanguka.

Miaka miwili ilipita kabla ya kuona shada la kwanza. Mwaka 2011 lilitokeza, matumba yake yamejipanga kwenye utepe mrefu kama shanga za kijani. Vijana walioibeba walikuwa sasa kidato cha nne, wamebakiza muda mfupi tu shuleni. Walikuwa wakija kila Ijumaa kutazama. Mmoja wao alisema kwamba hataki kuondoka kabla hajaliona ua la mti alioubeba begani. Nilimwambia asiwe na shaka.

Basi siku moja niliona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina. Sikujali, sisimizi huenda popote. Juma moja baadaye matumba yalikuwa yananata, na chini yake palikuwa na vidudu vidogo vya kijani vimeshikana kama mtama kwenye suke. Wiki iliyofuata baadhi ya matumba yakageuka rangi ya kutu, yakadondoka kabla ya kufunguka. Yaliyofunguka yalikuwa na michirizi myeupe, kama kitambaa kilichosuguliwa kwa jiwe. Vijana walikuja Ijumaa ya mwisho, wakalitazama shada lile, wakanishukuru kwa adabu, wakaenda zao. Adabu ile iliniuma kuliko lawama.

Hasira ni mshauri mbaya, na hasira yangu ilikaa mwaka mzima. Mwaka 2012 matumba yalipotokeza tena, sikungoja. Nilikwenda dukani nikanunua dawa ya kunyunyizia nyanya. Muuzaji aliimimina kutoka katika dumu kubwa, akanipa katika chupa ndogo isiyo na kibandiko wala maelezo. Nilikisia kipimo, nikachanganya na maji, na saa nne asubuhi, upepo ukivuma, nikainyunyizia okidi yote, na panda, na matawi yaliyokuwa karibu, nisije nikabakiza hata mdudu mmoja wa mbegu. Mparachichi wenyewe nao ulikuwa umechanua. Maua yake ni madogo, hayavutii macho, wala mimi sikuyahesabu kuwa maua.

Nyuki waliyahesabu.

Jirani yangu ni bibi mmoja ambaye sote twamwita Jaja, ndivyo Waganda tunavyowaita bibi na babu. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli ya Afrika ya Mashariki, nao walikaa miaka mingi katika nyumba za reli huko Nakuru, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 wakarudi nyumbani. Kiswahili chake alikipata huko, bombani na sokoni, kwa wanawake wa makabila mengi. Katika miaka ambayo watu wengi wa kwetu walikichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia zaidi vinywani mwa askari wenye bunduki, yeye aliendelea kukizungumza bila woga na kila aliyekijua. Ana kibanda cha kahawa na vanila, na wakati ule alikuwa na mizinga mitatu ya nyuki.

Siku ya pili baada ya kazi yangu ile alikuja, amebeba jani la mgomba lililokunjwa. Aliliweka juu ya meza yangu ya barazani, kando ya madaftari niliyokuwa nikisahihisha, akalifungua. Lilikuwa limejaa nyuki waliokufa. Baadhi yao ndimi zao zilikuwa zimetoka nje.

"Mwalimu," alisema, "nyuki zangu zimekufa."

Nakiri mbele yenu jambo ambalo sijapata kulikiri mbele ya wanafunzi wangu. Neno la kwanza lililonijia halikuwa pole. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, na ulimi wangu, kwa mazoea ya miaka, ulikuwa umekwisha kujiandaa kusema: wamekufa, Jaja, nyuki ni wadudu wenye uhai, husemwa wamekufa. Nilifungua mdomo. Kisha nikayaona macho yake, nikaufunga.

Hakunigombeza. Aliniuliza nilinyunyizia nini, saa ngapi, na kama nilijua kuwa mparachichi ulikuwa na maua. Nilimjibu kila swali, na kila jibu lilikuwa kosa jingine. Mzinga mmoja ulikufa wote. Miwili ilidhoofika, ikapona polepole. Nilitaka kumlipa fedha, akakataa. Alisema, "Wewe ni mwalimu. Andika. Andika kwa Kiganda na kwa Kiswahili, watu wa hapa wajue." Ndipo nilipoandika tangazo, nikalibandika penye duka lile lile na penye bomba la maji: kwamba mtu asinyunyizie dawa ya wadudu juu ya mmea wowote uliochanua, kwamba asinyunyizie mchana wala penye upepo, kwamba asinunue dawa isiyo na maelezo, na kwamba mwenye nia ya kunyunyizia awaarifu kwanza jirani zake wenye mizinga. Katika maandishi yangu yote, sijui kama yako yaliyosomwa na watu wengi zaidi kuliko tangazo lile.

Baada ya hapo nilianza kujifunza upya, na hatua ya kwanza ilikuwa hatua ya lugha. Nilitambua kwamba nilikuwa nimewapigia vita viumbe ambao sikujua hata majina yao. Kwangu wote walikuwa "wadudu". Nikawapa wanafunzi kazi: kila mmoja alete mdudu mmoja aliyemwona kwenye okidi au kwenye bustani ya kwao, aeleze anafanya nini, kisha tutafute jina lake kwa Kiswahili. Somo lile lilidumu wiki tatu badala ya kipindi kimoja.

Wale wa kijani walioshikana kama mtama ni vidukari. Hufyonza utomvu wa matumba na machipukizi, na majike yao huzaa bila kupandwa, tena huzaa watoto hai, ndiyo maana leo huona watano na kesho kutwa huwezi kuwahesabu. Hutoa majimaji matamu yanayonata, na juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi. Sisimizi niliowapuuza walifuata utamu huo. Humchunga kidukari kama mtu anavyomchunga ng'ombe, na humfukuza adui yake. Wale walioacha michirizi myeupe ni vithiripi, vidudu vyembamba kama uzi uliokatwa, urefu wao milimita moja au mbili, ambao huingia ndani ya tumba lingali limefumba na kulikwangua. Wapo pia vidung'ata, waliojivika unga mweupe kama pamba, na wadudu gamba, wanaoshikamana na shina hata mtu akadhani ni sehemu ya gome. Utitiri si mdudu hasa, kwa kuwa ana miguu minane. Na konokono, anayekula petali usiku, hana hata mmoja.

Darasani tulipata faida nyingine. Wanafunzi waliandika "vidukari vinafyonza", nami nikapata nafasi njema ya kueleza kwamba jina linaweza kuvaa kiambishi cha ki-vi na bado kiumbe chenyewe, kwa kuwa kina uhai, kikafuata upatanisho wa a-wa: kidukari anafyonza, vidukari wanafyonza. Vilevile tulijifunza kwamba Kiswahili kina majina mbalimbali ya chungu: wako sisimizi, wako siafu, wako majimoto wanaoshona majani kuwa viota. Hao majimoto hula wadudu waharibifu, na katika minazi ya Zanzibar ni walinzi wanaojulikana, lakini wao pia huwachunga wafyonza utomvu. Kiumbe mmoja, kazi mbili.

Baada ya kuwajua kwa majina, niliona kwamba wengi wao hawahitaji sumu. Nitaeleza ninavyofanya, kwa kuwa najua wako miongoni mwenu wapenda maua.

Matumba yanapotokeza, hulikagua shada kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Huweka karatasi nyeupe chini yake na kuligonga taratibu kwa kidole. Kama wako vithiripi, wachache watadondoka na kuonekana wakikimbia juu ya karatasi. Vidukari huwaosha kwa maji, nikilishikilia shada kwa mkono mmoja lisivunjike, na kurudia kila baada ya siku mbili. Wakizidi, hutia kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji. Si sabuni ya unga ya kufulia, kwani huunguza. Hujaribu kwanza kwenye tumba moja, na hufanya hivyo jioni, kisha asubuhi husuuza. Maua yakiisha kufunguka, siyatii kitu, hata sabuni, maana petali huingia madoa. Vidung'ata na wadudu gamba huwaondoa mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Maua yaliyodondoka huyaokota na kuyachoma, kwa sababu vithiripi hujificha humo, na wengi wao hugeukia udongoni kabla ya kurudi wakiwa na mabawa.

Ama sisimizi, dawa yao niliikumbuka kutoka jikoni kwa mama yangu. Kabati la chakula lilikuwa limesimamishwa na miguu yake minne katika makopo ya maji, na hakuna sisimizi aliyevuka. Mti hausimami katika kopo. Lakini nilizungusha kitambaa kwenye shina la mparachichi, nikakipaka grisi juu yake, si juu ya gome lenyewe, na kukata matawi yaliyogusa ukuta. Sisimizi walipokosa njia, vidukari walikosa walinzi, na wadudu wengine wanaowala, kama wale wenye mgongo mwekundu wa madoadoa, wakaja wenyewe.

Mwaka 2014 niliongeza jambo moja. Nilichukua kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa vizuri, nikakishona mfano wa mfuko na kulifunika shada zima likiwa katika matumba. Chandarua hakimzuii kithiripi, kwa kuwa yeye hupita katika matundu yake bila taabu. Lakini humzuia panzi, na mbawakavu, na kila mwenye meno makubwa. Mwaka huo okidi ilichanua kama sijapata kuiona. Maua yalikaa majuma mengi, manjano safi, mabaka yake yamekolea, wala hapakuwa na hata petali moja iliyotobolewa. Nilimwita Jaja aje kutazama, kwa fahari, na nadhani pia kwa kutaka kusamehewa.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na litazaa lini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinichukua kesho yake alfajiri mpaka kwenye vanila zake. Wenzangu wengi wanajua kwamba vanila nayo ni okidi, iliyoletwa kutoka Mexico. Kwao ina nyuki wake. Huku kwetu hana. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na mchana limekwisha kunyauka. Kwa hiyo mkulima huamka mapema, akashika kijiti chembamba, akainua kile kiambaza kidogo kinachotenga chavua na mahali pake, akasukuma kwa kidole gumba. Aliyeugundua ufundi huo rahisi mwaka 1841 ni Edmond Albius, kijana wa miaka kumi na miwili, mtumwa katika kisiwa cha Réunion, na mpaka leo wakulima wa vanila hutumia njia yake. Jaja alifanya ua baada ya ua, mikono yake ya uzee haitetemeki. "Hapa," alisema, "mimi ndiye mdudu."

Nilielewa. Ua la okidi hungoja. Likichavushwa, hunyauka upesi, kwa kuwa limemaliza kazi yake; lisipochavushwa, hukaa siku nyingi likiwa zuri, likimngoja mgeni. Uzuri uliodumu ndani ya chandarua changu ulikuwa uzuri wa kungoja. Nilikuwa nimewazuia wezi, na pamoja nao nimemzuia bwana harusi.

Tangu mwaka uliofuata, kila mara mashada yanapotokeza mawili au matatu, huyafunika yote ila moja. Hilo huliosha kwa maji na kulikagua kama mengine, lakini huliacha wazi. Huliwa kidogo. Panzi huonja, konokono hupita. Na miaka mingine, si yote, ua moja kati ya hayo hunyauka mapema, na nyuma yake hutokea tunda la kijani lenye mifuo. Tunda kama hilo lina mbegu nyingi mno, ndogo kama vumbi. Hazina akiba ya chakula ndani yake, nazo haziwezi kuota zisipokutana na kuvu wa namna fulani atakayezilisha. Yaani hata zikisha kupona wadudu, bado zinamhitaji mwingine ambaye kwa desturi tunamwita ugonjwa.

Sitaki kuifanya okidi kuwa mahubiri, kwani sisi walimu tunayo tabia hiyo. Ila siwezi kusahau kwamba jani la mgomba liliwekwa kando ya madaftari. Katika darasa langu la mwaka ule alikuwamo binti wa dereva wa malori, aliyekuja na Kiswahili cha barabarani, kina Kiganda ndani yake na kina Kinubi. Alikuwa mwepesi wa kusema kuliko wote. Nilimsahihisha mara tatu katika sentensi moja mbele ya wenzake, na muhula mzima hakunyosha mkono tena. Upatanisho wake ulikuwa umeharibika kweli, sikusema uongo. Lakini nilinyunyizia saa nne asubuhi, upepo ukivuma, mti umechanua. Siku hizi mwanafunzi anapozungumza humwacha amalize. Kosa naliandika kando, na jioni, peke yetu, twaliosha kwa maji. Mengi huondoka kwa maji.

Jaja sasa ana mizinga minne. Bado husema "nyuki zangu zimekufa" au "zimehama", nami humjibu, "Pole, Jaja," na kumuuliza ni mzinga upi.

Mwisho, nawaomba wenzangu msaada. Orodha yetu ya majina ya wadudu wa maua imefika majina thelathini na manne, lakini mengine hatuna hakika nayo, na mengine tumeyakuta kwa namna mbili au tatu. Ninyi mlioko Bukavu, Bujumbura, Kigali, na kwingineko, mnawaitaje vithiripi? Mnawaitaje vidung'ata? Niandikieni kupitia jarida hili. Tukiwa na majina yao, tutajua ni nani wa kuosha, ni nani wa kufunikia chandarua, na ni nani wa kumwachia mlango wazi.